Mtani Akasema: Muue

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Ndiyo maana katika kikundi chetu cha waandishi hadithi zangu alikabidhiwa mtani wangu. Yeye ni Mhehe, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa Songea kutoka Iringa, na mimi ni Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia ruhusa ya kusemana bila kununiana. Mtu mwingine akiniambia hadithi yangu imepwaya, nitamnunia mwezi mzima. Mtani akiniambia nimeandika pumba, nacheka, halafu nikifika nyumbani nazipepeta.

Tulikuwa wanne. Wa tatu alikuwa nesi mstaafu, mama mtu mzima ambaye wote tulimwamkia shikamoo kabla ya kuanza kumkosoa, mwandishi wa visa vya wodini ambavyo vikikukuta umetoka kula utajuta. Wa nne alikuwa ofisa wa ardhi, Myao wa Tunduru, mtu wa swala tano na mashairi ya vina na mizani, anayehesabu silabi kwa vidole huku wewe unaongea. Tulikuwa tunakutana Jumamosi mchana katika chumba cha chekechea parokiani, tumekalia viti vya watoto, magoti karibu yaguse kidevu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuchapisha hata kijitabu.

Sheria yetu ilikuwa moja tu: mwenye kazi hasomi, wala hafungui mdomo mpaka wenzake wamalize kusema. Tuliiweka baada ya mimi na nesi kukwaruzana kwa ajili ya shairi langu moja, na sitaki kulizungumzia hilo shairi. Basi mwingine anasoma kazi yako kwa sauti, wewe umekaa kimya, jasho la kwapa linakutiririka. Jamani, hakuna mateso kama hayo.

Hadithi iliyoniletea balaa niliiandika dukani. Nauza kwenye duka la dawa hapa Lizaboni, Songea, na mvua ikinyesha wateja wanakuwa wa kuhesabu. Ilikuwa habari ya kijana aliyeondoka kwao kwenda kutafuta maisha, simu yake ikanyamaza, mama yake akabaki anasubiri. Mwishoni kijana anarudi na begi jipya, mama anachinja jogoo, majirani wanajaa uani. Niliwaambia wenzangu nimeitunga yote kichwani.

Sikuitunga. Kijana yule ni mdogo wangu, tumbo moja. Alikwenda Nakapanya, huko Tunduru, kununua mazao na kuyauza pale kando ya barabara, na mwanzoni alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya misa. Baadaye akawa anapiga akikumbuka. Kisha kimya. Mjomba alikwenda kumuulizia, akaambiwa na mmoja kwamba alivuka kwenda machimboni Msumbiji, mwingine akasema hamjui kabisa mtu wa namna hiyo. Mjomba akarudi na vumbi tu. Mimi nilipiga ile namba mpaka yule dada wa kwenye simu, anayekuambia namba unayopiga haipatikani, nikamchukia kama mke mwenza.

Mama yangu ninaishi naye. Kwake yeye, mdogo wangu ni "akirudi". Akirudi ataezeka jiko. Akirudi tutamtafutia mchumba, huyu hawezi kujitafutia. Neno lile jingine hakuna aliyethubutu kulitamka ndani ya nyumba ile. Mdomo huumba, ndivyo mama anavyoamini, na ukianza tu kusema "labda" anakukatisha: "Usituletee uchuro hapa." Nami nikanyamaza naye hivyo hivyo.

Siku mtani alipoisoma hadithi ile parokiani, alifika kwenye jogoo akaishusha karatasi mapajani.

"Mtani," akasema, "huyu jamaa amepotea miaka, halafu anarudi na begi jipya? Hata zipu haijaharibika?"

Ofisa wa ardhi akacheka mpaka akajifuta macho. Nesi yeye hakucheka. Alisema, "Mwanangu, mwisho huo ni wa kuombea, si wa kuandikia."

"Msomaji ameshajua ukweli kabla hujamwambia," ofisa akaongeza. "Tangu pale simu inaponyamaza. Wewe mwenyewe umeuandika halafu ukaukimbia."

Mtani akanielekezea kidole. "Muue! Nyie Wangoni mliwachinja babu zetu bila hata kunawa, leo unamwonea huruma mtu wa karatasi? Muue, hadithi isimame."

Nilikuwa naruhusiwa kusema, maana walikuwa wamemaliza. Sikuweza. Nilicheka tu, kicheko cha kinafiki, nikakunja karatasi zangu nikasema nitafikiria. Njiani niliwatukana wote watatu kimoyomoyo. Muue! Kirahisi hivyo, kama mtu anayeagiza soda. Kilichonitesa zaidi ni kwamba walikuwa sahihi. Mwisho wangu ulikuwa mbovu na mimi nilijua ni mbovu tangu nauandika.

Nilihangaika nao wiki nyingi. Nilijaribu kumrudisha mgonjwa, nikamrudisha amefilisika, nikamrudisha na mke wa Kimakua na watoto mapacha. Kila nikimrudisha alikuwa si yeye. Mchana mmoja mvua inanyesha, dukani hakuna mtu, nikashika kalamu nikaandika kwamba amekufa. Niliandika haraka haraka, kama mtu anayemeza kidonge kichungu. Nilipomaliza, hadithi ilikuwa imesimama. Hapo hapo nikashikwa na hofu ambayo sijawahi kuijua, nikachukua simu nikampigia. Haipatikani. Mama mmoja akaingia kutaka dawa ya kikohozi, nikampa ya minyoo, na kama asingekuwa mtu wa kusoma maandishi ya chupa sijui ingekuwaje.

Tangu siku ile sikuwa na raha. Nilihisi kama nimetia saini kitu. Simu ikiita naruka. Mbwa wa jirani akibweka jioni nachungulia mlango. Mama akisema "akirudi", namwangalia pembeni, najiona kama mchawi aliyeketi naye jikoni. Mara mbili tatu nilizitoa karatasi nizichome, nikazirudisha. Nilitaka kusikia wenzangu watasemaje, na huo ndio ukweli, na ulinitia aibu.

Jumamosi ya zamu yangu chumba cha chekechea kilikuwa na semina ya wachumba. Nikawaambia wenzangu basi twendeni kwangu, kwa kuwa mama alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kijijini kumtazama dada yake na angerudi jioni. Wakavua viatu mlangoni, wakaketi sebuleni, nikawawekea chai na mihogo. Mtani akaanza kusoma.

Alianza na madoido yake ya kawaida, anabana sauti, ananikonyeza. Alipofika katikati akaacha. Sauti ikashuka. Akawa anasoma taratibu, kila neno kivyake, namna wanavyosoma wasifu wa marehemu kanisani. Nesi aliinamisha kichwa. Ofisa vidole vyake vilikuwa vimetulia kabisa. Mimi nilikuwa nimebana kikombe kwa mikono miwili, chai imepoa.

Mama hakumkuta dada yake, akapanda bodaboda akarudi. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Mimi nilichojua ni kwamba mlango ulikuwa wazi, na mama alisimama kizingitini akaona viatu vya wageni, akaona watu wazima wamekaa kimya wameinamisha vichwa ndani ya nyumba yake, na mwanamume asiyemfahamu, karatasi mkononi, anasoma kwa sauti ya chini kuhusu kijana mwenye kovu la kuungua mkono wa kushoto, alilolipata utotoni akigombania ukoko wa uji, aliyefia ugenini.

"Uwiiii! Mwanangu weee! Mwanangu mimi!"

Alianguka pale pale mlangoni. Nilimwaga chai nikamkimbilia, naye ananisukuma, anajipiga kifuani, kanga imemdondoka. Na sisi Lizaboni nyumba zetu zimebanana. Kilio kimoja kinatosha. Kabla sijamwinua, majirani walikuwa wameshafika wamejifunga kanga viunoni, wanawake wanapokea kilio bila kuuliza, wanaume wanatoa viti nje. Mzee mmoja alinishika bega akaniuliza kwa upole, "Pole sana, mwanangu. Mwili uko wapi?"

"Hakuna mwili!" nikapiga kelele. "Hakuna msiba! Ni hadithi!"

Nani angenisikia? Nesi, Mungu ambariki, ndiye aliyepasua ile kelele kwa sauti ya wodini, akaamuru watu wanyamaze, nao wakanyamaza. Mtani alipiga magoti mbele ya mama, karatasi bado iko mkononi. Msibani mtani ndiye mwenye kazi ya kuwachekesha wafiwa, lakini siku ile mdomo ulikuwa umemkauka.

"Shikamoo, mama. Utusamehe. Hii ni hadithi ya kutunga. Hakuna aliyekufa, mama."

Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Ya kutunga?" akasema. "Na kovu la mwanangu nalo amelitunga nani?"

Majirani walianza kuondoka mmoja mmoja, na mmoja wao, mama muuza mkaa, alinipitia karibu akasema nisikie vizuri, "Unamchuria ndugu yako wa damu? Kwa ajili ya makaratasi?" Siku nyingine ningemrarua kwa maneno. Siku ile nililamba midomo tu.

Wenzangu walibaki wamesimama uani, viatu mkononi. Mtani alikuwa amebadilika rangi.

"Mbona hukutuambia?" akaniuliza.

"Ningewaambia, mngenikosoa kweli?"

"Nisingesema neno," akakiri. "Ningesema nzuri, hongera." Akanirudishia karatasi akizishika kwa ncha za vidole, akaenda zake, na Jumamosi iliyofuata hatukukutana.

Mama aliacha kuongea nami. Si kwamba alinuna. Kununa ningekujua, ni mali yangu mimi. Alipika, akanipakulia, akaitikia shikamoo yangu, na baada ya hapo kimya. Lile "akirudi" nalo likakatika. Nilikuwa nalichukia neno lile, na sasa nilikuwa nalitegea sikio kila asubuhi, nalitamani, naomba Mungu mama alitamke hata mara moja nijue kwamba sijaua kitu ndani yake. Dukani nilikuwa narudia kuhesabu vidonge vya wateja kwa kutojiamini. Nilisema moyoni, kama mdogo wangu kweli amekufa, mama ataniona mimi ndiye niliyemuua, na kama yu hai nimemuua mama bure.

Jumapili moja baada ya misa mama alikuwa amekaa uani anachambua maharage kwenye ungo. Nikavuta kigoda nikaanza kumsaidia.

"Zile karatasi ziko wapi?" akaniuliza, bila kuinua macho.

"Nimezichoma, mama."

"Muongo wewe. Kalete. Unisomee."

Nilizileta. Nilisoma mwenyewe, kinyume na sheria yetu, na yeye akasikiliza huku vidole vinaendelea kutoa mawe na maharage mabovu. Alinikatisha, jambo ambalo kikundini hatukulizoea. Pale mama wa kwenye hadithi anapolia njiani mpaka watu wanamshangaa, akasema, "Umetia chumvi. Mimi sikulia barabarani." Nikakata mstari. Pale kijana anapoaga, akasema ilikuwa asubuhi, si jioni, na alikuwa hajanywa hata chai. Nikaandika.

Nilipokaribia mwisho nikasimama. Nikamwambia, "Mama, tuishie hapa."

"Soma."

Nikasoma. Nilisoma namna mwenye nyumba alivyogonga na kugonga, namna walivyovunja mlango, na walivyomkuta kitandani amelala chali, mikono kifuani.

"Simama," mama akasema. Akaweka ungo chini.

Nikajua sasa ndiyo basi, atazichana, na mimi nitamwacha azichane. Kwa kweli nilitaka azichane. Nilitaka anipige kofi aseme mwanangu yu hai.

"Chali hapana," akasema. "Huyo halali chali, hata siku moja. Analala ubavu, mkono chini ya shavu, amejikunja. Tangu mdogo. Andika hivyo."

Nilichukua kalamu. Sikuwa naona vizuri, machozi yalikuwa yamejaa, lakini niliandika: ubavu, mkono chini ya shavu. Mama alikuwa ananitazama mkono mpaka nilipomaliza neno la mwisho.

"Haya," akasema. "Walimzika wapi?"

Nikageuza karatasi. Nyuma hakukuwa na kitu. Kaburi sikuwa nimeliandika.