Bwana Sawa na Mtambo Namba Tisa

Dada yangu ni fundi wa mitambo ya upepo iliyosimikwa baharini, huu mwaka wa kumi na nane. Boti humshusha kwenye mnara, anapanda, na kule juu anaweka kiganja kwenye giaboksi. Akisema beringi imechoka, imechoka. Kiganja hicho ndicho kilichonisomesha mimi mdogo wake, kwa hiyo msitegemee nisimulie kwa upole.

Mkuu wetu wa karakana tulimbandika jina la Bwana Sawa. Kila mara dada alipoandika kwenye daftari la ukaguzi kwamba mtambo namba tisa unasaga, yaani vyuma vyake vinasuguana, alirudishiwa: futa, andika "sawa", umeme usisimame. Dada alibishana mpaka akachoka. Ana watoto watatu. Akaandika sawa, miaka sita mfululizo.

Kampuni ikaleta programu ya kompyuta ijifunze kubashiri mtambo gani utaharibika. Ikalishwa vipimo vya mtikisiko na joto, pamoja na madaftari yale. Mimi, karani wa karakana hiyohiyo, ndiye niliyeyanakili. Niliujua mwandiko, niliujua uongo, nikanyamaza. Hasira yangu nyingine ni juu yangu mwenyewe. Kompyuta, mwanafunzi mtiifu, ikakariri kwamba kule kusaga ndiyo afya.

Jumatatu asubuhi Bwana Sawa akamwagiza dada akabadilishe kifaa kule juu ya namba tisa bila kuuzima. Kwa kawaida mtambo huzimwa kwanza, maana kitu kikikatika huko hakuna pa kukimbilia. Lakini kwenye skrini namba tisa ilikuwa ya kijani, rangi ya mtambo mzima, na kompyuta, alisema, haina ubishi wa wanawake.

Nilitaka kumrushia kiti. Dada alifungua daftari tu, akalitandaza mbele ya Bwana Sawa.

"Hiyo kompyuta imesoma kwangu, bosi. Na mimi niliandika ulichotaka wewe." Akavua mkanda wake wa kupandia, akauweka juu ya daftari. "Kama ni sawa, vaa. Panda wewe."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Bwana Sawa aliutazama ule mkanda, akatazama saa, akakumbuka ana kikao. Kisha kwa sauti ndogo akaniambia nipige simu namba tisa uzimwe.

Dada akaandika "unasaga", akamsogezea kalamu asaini. Akasaini. Kwenye skrini namba tisa bado ilikuwa ya kijani.