Kulala au Kukaa: Mabehewa ya Treni ya Mpanda

Kwanza mnisamehe mwandiko wangu, na herufi nitakazoruka. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umezoea mkasi na sindano kuliko kalamu, kwa hiyo naandika polepole na kufuta sana. Hata kuongea mbele za watu naona aibu. Lakini mwezi uliopita nilitua mzigo ulionilemea tangu masika, na wepesi ninaousikia moyoni ndio umeninunulisha daftari hili.

Enzi zetu tulisafiri kwa treni kila mwaka. Najua mtacheka nikisema enzi zetu, maana sijafika hata miaka ishirini na mitano. Ila mliokua Sumbawanga wakati mmoja na mimi mtanielewa. Tulikuwa watoto wa kuitwa mara tatu ndipo turudi nyumbani, magoti yamejaa vumbi, midomo imepasuka kwa ule upepo wa mwezi wa sita unaokata kama wembe. Kwetu reli haipo, hilo kila mtu analijua. Pengine ndiyo sababu treni ilituingia vichwani kuliko watoto walioiona kila siku.

Baba yangu ni Mfipa wa Kasense, mkulima wa mahindi na ulezi. Mama ni Msukuma, na familia yao ya wafugaji ilihamia Usinge, kule ambako treni inayotoka Mpanda hupita kuelekea Kaliua na Tabora. Basi kila mwaka, mavuno yakishaingia ndani, Mama alifunga migebuka mikavu, wale samaki wa ziwa Tanganyika, kwenye gazeti, akajaza togwa ya ulezi kwenye dumu, tukaenda kumsalimia Bibi. Tulipanda basi mpaka Mpanda, tukalala kwa mama mdogo, na kesho yake mchana tukapanda treni. Tulikuwa wanne: Baba, Mama, kaka yangu Deusi, na mimi.

Safari ya kwanza ninayoikumbuka ilianza kwa aibu. Baba ana Kifipa kingi na Kiswahili cha tahadhari. Alifika kwenye dirisha la tiketi, akavua kofia. Mwanamke aliyekuwa anakata tiketi hakuinua hata uso.

"Wapi?"

"Usinge, mama. Watu wanne."

"Kulala au kukaa?"

"Hapana, hatukai," Baba akasema. "Tunasalimia wakwe tu, wiki mbili tunarudi."

"Baba, nakuuliza, kulala au kukaa?"

"Wala hatulali. Jana tulilala kwa shemeji yangu. Leo tunapita tu."

Foleni yote ilicheka. Kijana mmoja nyuma yetu akapaza sauti, "Mzee, hapo siyo gesti hapo!" Hata yule mama dirishani alishindwa kujizuia. "Haya baba yangu," akasema, "kama hamkai wala hamlali, nawapa la tatu."

Kwa ambao hamkuwahi kuipanda: treni ile ilikuwa na daraja la tatu, na daraja la pili la aina mbili, kukaa na kulala. Baba hakuyajua hayo. Tangu siku hiyo Deusi alimtania kwa maneno hayo hayo, hatukai wala hatulali, na Mama alikuwa akiinama kufunika sufuria ili Baba asimwone anacheka.

Behewa la daraja la tatu lilikuwa na viti virefu vigumu, watu wanatazamana magoti kwa magoti. Kila mtikisiko wa reli ulipanda moja kwa moja mpaka kwenye meno. Lakini raha yake sijaiona tena popote. Mama mmoja alinipakata bila kuniuliza jina. Migebuka yetu ilinuka behewa zima, na badala ya kulalamika watu waliuliza kama tunauza. Treni ikisimama, mikono ilijaa madirishani na chupa za asali, karanga, na viazi vitamu vya moto.

Humo ndimo Deusi alimobuni mchezo wa kikombe. Alijaza togwa mpaka ukingoni kwenye kikombe cha bati, akakiweka gotini, akanyoosha mikono yake juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Kutoka stesheni moja hadi nyingine, asiyemwaga ndiye mshindi. Mama alisema, "Ulezi nimesaga mimi, nyie mnaogesha suruali." Lakini hakutunyang'anya.

Mwaka uliofuata Baba alijiandaa. Njia nzima kutoka Kasense alikuwa akinong'ona peke yake. Alipofika dirishani hakusubiri kuulizwa. "Kulala! Watu wanne! Kulala!"

Tukapewa chumba chenye vitanda sita, vitatu kila upande, vina godoro jembamba jekundu, na mlango wa kufunga. Baba alikaa kama mkuu wa wilaya. Mimi Deusi alinivuta pembeni. "Sikiliza wewe. Hii tiketi ni ya kulala. Mkaguzi akikukuta macho wazi, anakushusha porini."

Nilimwamini. Nilipanda kitanda cha juu nikafumba macho tangu Mpanda, jua likiwa utosini. Nilisikia watu wakikimbilia kwenye ujia wakipiga kelele, "Viboko! Wale kule, viboko!" Tulikuwa juu ya daraja la mto Ugala. Mwaka mzima shuleni niliwaahidi wenzangu kwamba nitawaletea habari za viboko. Nikabana macho zaidi, machozi yakitoka.

Mlango ukafunguliwa. Mkaguzi wa tiketi alinitazama akasema, "Huyu mtoto anaumwa? Mbona amefumba macho kama anasubiri sindano?"

Nikamjibu, "Nimelala."

Walipomaliza kucheka, daraja lilikuwa nyuma yetu. Deusi alikula kofi moja la Baba, nami nikapewa andazi la kunibembeleza, lakini viboko walikuwa wamekwenda.

Na niwaambie ukweli, kile kitanda hakikuwa na raha tuliyoitegemea. Ukilala, treni inakuviringisha huku na huku kama unga kwenye ungo. Chumba chetu kilikuwa mwisho wa behewa, juu ya magurudumu kabisa, na kikombe cha Deusi kilimwagika chote kabla ya Katumba. Kulala kunafaa mtu anayekwenda mbali. Kwa safari ya mchana mmoja, unabaki umefungiwa chumbani, humjui jirani yako, na asali unaisikia tu ikiitwa nje.

Safari ya tatu tulikata za kukaa. Siti za sponji, kila mtu na yake, mgongo unaegemea vizuri. Zilinata mapajani kwa joto, na abiria wake walikuwa wapole mno, kila mmoja na usingizi wake. Deusi alihamahama na kikombe chake kama daktari anayepima wagonjwa. Mwisho wa behewa kilimwagika. Mbele kilimwagika. Katikati kabisa, mbali na magurudumu ya pande zote mbili, kilitulia.

Tuliporudi Kasense tulitengeneza treni yetu ya magunzi, tumeyafunga kwa kamba za katani. Gunzi lililovunjika lilikuwa daraja la tatu, lililofunikwa jani lilikuwa kulala, na lile la katikati, refu na zima, lilikuwa kukaa. Tuliivuta kutwa mpaka mavumbi yakatuficha. Leo mdogo wangu Kelvini, wa darasa la tano, nilimfungia magunzi manne akanitazama kwa huruma. "Dada, hii inachajiwa wapi?"

Sasa nije kwenye ule mzigo.

Babu alipofariki, Mama alimleta Bibi tukae naye Kasense. Masika iliyopita aliteleza kwenye tope akitoka kuchota maji, akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akawekewa chuma. Daktari alimruhusu kusafiri ila akaonya: asirushwerushwe, akipata mtikisiko mkubwa maumivu yanaweza kurudi na asisimame tena. Na Bibi alikuwa na neno moja tu. Dada yake mkubwa, wa pekee aliyebaki, yuko Usinge na hawezi tena kutoka nje ya ua. "Nipelekeni nikamwone," alisema kila asubuhi badala ya kuitikia shikamoo zetu. "Au mnataka tuonane makaburini?"

Baba magoti yamemchosha. Mama aliogopa. Deusi yuko Tunduma na kazi yake. Nikabaki mimi, nisiyeweza hata kuomba chenji kwa sauti.

Siku ya kupanga safari kila mtu alikuwa na behewa lake. Mama alisema, "Mgonjwa analazwa. Kateni kulala." Deusi kwenye simu alisema twende la tatu, maana humo watu wa kumbeba hawakosekani, kisha akaongeza, "Au muulizeni Baba, yeye hakai wala halali." Kelvini alitafuta kwenye simu akapata picha za ile treni mpya ya umeme ya Dar, akamwonyesha Bibi zile siti na ubaridi wake, mpaka Bibi akaanza kuulizia sweta.

Nikasema, "Kukaa. Katikati ya behewa."

Wote walinigeukia. Sikuwa nimewahi kubishana katika nyumba ile.

"Nani kakwambia?" Mama akauliza.

"Kikombe," nikasema. Baba ndiye aliyecheka wa kwanza, akasema basi iwe hivyo. Lakini usingizi wangu ulikwisha hapo. Kama kikombe kilitudanganya, Bibi angelipa kwa nyonga yake, na mimi ningekuwa nimesema kwa mara ya kwanza maishani ili nimlemaze.

Basi la mpaka Mpanda lilipita lami tupu, halikumsumbua Bibi. Dirisha la tiketi la Mpanda lilikuwa na kijana wa rika langu. Bibi nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki tulichoazima, amejifunga vitenge viwili.

"Kulala au kukaa?"

Nikainamia viatu vyangu. Nyuma yangu watu wakaanza kuguna. Niliwaza kofia ya Baba mkononi mwake.

"Kukaa," nikasema. "Mbili. Naomba katikati ya behewa, isiwe juu ya magurudumu. Bibi yangu ana chuma kwenye nyonga."

Kijana akainua uso, akamwangalia Bibi, akaitikia kwa kichwa na kukata tiketi. "Shikamoo Bibi!" akaita.

"Marahaba. Ile ya baridi iko wapi?"

"Hiyo haijafika huku, Bibi. Huku utafungua dirisha."

Tulipokwisha kukaa, nilitoa kikombe kile kile cha bati, nikakijaza togwa. Bibi akakipokea bila kuuliza, akakiweka gotini na kukizungushia vidole viwili. Treni ilipoanza kuvuta sikutazama nje. Nilitazama kikombe. Katumba breki zilibanwa kwa nguvu, togwa ikaruka, ikalowesha kitenge, nami nikamshika bega.

"Bibi! Umeumia?"

"Nimelowa," akasema. "Kulowa siyo kuumia. Jaza."

Nikajaza. Kutoka hapo haikumwagika tena. Ilitetemeka tu, ikichora viduara vidogo katikati. Jua lilianza kulegea, na Bibi akanigusa bega. "Wewe, si hapa ndipo ulipolala?" Tulikuwa darajani, Ugala. Kumbe habari ile ilimfikia, akaitunza miaka yote hiyo. Nilifungua macho yote mawili. Nikaona migongo mitatu myeusi majini, imetulia kama mawe, mpaka mmoja akatikisa masikio. Nilicheka peke yangu kama mtoto, na pumzi niliyoishikilia tangu Kasense ikatoka yote.

Usinge vijana wanne walimshusha akiwa kwenye kile kiti cha plastiki, kikombe akikishikilia gotini. Hakuguna hata mara moja. Walimbeba mpaka uani kwa dada yake, ambaye alikuwa amekaa mlangoni. Walishikana mikono muda mrefu wakisalimiana Kisukuma, kisha dada yake akamuuliza, na kwa kilugha changu kidogo nilielewa, amekuja kulala siku ngapi.

Bibi alijibu kwa Kiswahili, akinitazama mimi. "Kulala? Muulizeni huyu. Tiketi yangu ni ya kukaa."

Kisha akanywa ile togwa, yote.

Hajarudi, na kwenye simu anazopiga anacheka. Mimi nilirudi peke yangu, kwa hiari yangu, daraja la tatu. Viti ni vigumu vile vile, na asali bado inauzwa dirishani. Ila zamani kufika Katumba ungekuwa umeshapata mtu wa kukupakata na mwingine wa kukusimulia ugomvi wa ukweni. Sasa kila mmoja alikuwa na nyaya masikioni. Nilimkaribisha karanga binti aliyekaa mbele yangu, akatoa waya mmoja, akala, tukaongea mpaka Mpanda. Mimi ndiye niliyeanza, hebu fikirini.

Mkono umechoka, naishia hapa. Ninyi mliopanda treni ile mkiwa wadogo, nijibuni: mlikuwa mkikata kukaa, kulala, au hamkai wala hamlali? Na viboko mliwaona? Andikeni hata kwa herufi mbovu kuliko zangu. Nitasoma polepole, kama ninavyoandika, lakini nitasoma zote.