Wajapani Wawili Katika Wimbo Wetu wa Matoleo

Wimbo wa matoleo ambao parokia yetu ya Goma huuimba kila mwaka, kumshukuru Mungu kwa kutuokoa na mlima wa moto, sikuutunga mimi. Nimelificha hili kwa zaidi ya miaka ishirini, mbele ya mapadre wanne, mume mmoja na mgeni mmoja kutoka Japani, na kila nilipoulizwa nilizidi kuwa mtunzi. Sasa parokia inachapa kitabu cha nyimbo zake, na karani wa ofisi amenipigia mara tatu akitaka maelezo mafupi: mtunzi alizaliwa wapi, na wimbo ulimjia vipi. Ulimjia ndani ya basi lisilo na magurudumu. Kaa nikueleze, maana bila magurudumu hutaelewa kitu.

Utoto wetu tuliuhesabu kwa waasi. Meno yangu ya mbele yaling'oka chini ya waasi wa kwanza, na komunyo ya kwanza niliipokea chini ya waasi wa pili. Walitofautiana kwa hotuba, wakafanana kwa kupenda magari ya watu. Jirani yetu, mfanyabiashara kutoka Butembo, alikuwa amenunua basi dogo lililotumika Japani. Ubavuni lilikuwa na maandishi ya Kijapani ambayo hakukubali yafutwe, kwa sababu yalithibitisha kwamba gari halikuungwa-ungwa njiani. Ili wanajeshi wasilichukue, aliling'oa magurudumu yote manne, akaliweka basi uani juu ya mawe meusi, kisha akayagawa magurudumu: moja chini ya kitanda chake, moja kwa bibi yangu, moja kwa mwalimu wa darasa la nne, moja kwa mama muuza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu. Bibi alilalamika kwamba amefanywa kuku wa kuatamia tairi la mtu. Lakini alilipangusa vumbi kila asubuhi.

Injini ilitakiwa kuwashwa kila Jumamosi, la sivyo betri ingekufa. Kazi hiyo tulipewa sisi wawili, binti wa jirani, wa rika langu, na mimi. Yeye alikanyaga mafuta kwa sababu gari lilikuwa la baba yake, mimi nilifukuza kuku kwenye viti vya nyuma. Ninaposikia leo harufu ya sambaza zikikaangwa, naisikia pamoja na moshi wa mazuti, dizeli ya kwetu, na naona siku imeenda vizuri.

Ndani ya redio ya basi kulikuwa na kaseti, na chini ya kiti tukakuta karatasi yake: wasichana wawili Wajapani wameegemeana vichwa, na nyuma yao mwanamume mwenye kofia, kama mjomba aliyealikwa kwa heshima. Nyimbo nyingi tulizivumilia tu. Lakini ule mmoja ambao mjomba aliingia kuimba nao, tuliurudisha nyuma kwa kalamu, tukiizungusha kaseti juu yake ili tusile betri, mpaka utepe ukaanza kukwaruza. Tukawa Wajapani. Yeye alikuwa wa kushoto, mimi wa kulia. Mjomba wa kofia alipatikana bila shida: bibi alivuta kiko tangu ujana wake huko Rutshuru, na sauti yake ilikuwa chini kuliko ya wanaume wengi wa kwaya. Aliimba akichambua maharagi, wala hakuuliza ni lugha gani. Alisema Kijapani ni rahisi, hakuna wa kukusahihisha.

Kisha mlima ukapasuka. Moto uliposhuka kutoka upande wa Munigi, jirani alisimama uani akiita magurudumu yake kama mtu anayeita watoto. La kwake likaja. La bibi likaja, linang'aa. Mwalimu akalileta la kwake akilibiringisha, jasho linamtoka. La nne lilikuwa kwa mama wa sambaza, naye alikuwa amekimbia tangu asubuhi, ufunguo kifuani, mlango ukiwa na makufuli mawili kwa ajili ya kulinda gurudumu hilohilo. Jirani alijaribu bega lake, akajaribu la mwalimu, mlango ukakataa. Akalitazama basi lake limesimama kwa miguu mitatu kama kigoda. Mwishowe akasema, "Tuende."

Tulikwenda kwa miguu, njia ya Sake. Bibi pekee ndiye aliyesafiri kwa chombo: kijana mmoja alimpandisha kwenye chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, juu ya gunia la viazi. Alishuka mitelemko akiwa ameketi wima, kiko mdomoni, akiwasalimia watu kushoto na kulia, na watu walitupisha wakidhani ni mama wa mtu mkubwa. Nyuma yetu lava ilikula ua, ikala basi, na ikala kaseti ndani yake. Nilililia basi lile kwa dhati. Baadaye nilimshukuru Mungu kwa siri, kwa sababu ushahidi ulikuwa ndani.

Tulilala kwenye darasa la shule moja mbele ya Mugunga, familia nyingi kwenye chumba kimoja. Siku ya tatu watu walianza kuimba, kila mmoja alichobaki nacho, na sisi tulibaki na Wajapani. Kwa kuwa tulikuwa mbele ya watu, bibi aliona aibu ya kuimba sauti zisizo na maana, akautilia wimbo maneno: asante kwa miguu, asante kwa sufuria iliyobaki, asante hata kwa moto, maana ulipita pembeni. Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akizunguka bila daftari wala kinanda kutafuta sauti za misa ya Jumapili, akasimama mlangoni mpaka tukamaliza.

"Nani njo alitunga huu wimbo?"

"Njo miye," nikasema.

Sijui kwa nini nilijibu mimi. Labda kwa sababu nilikuwa karibu na mlango. Binti wa jirani alinigeukia, mdomo wazi, akaufunga. Bibi alikuwa anatafuta kiberiti.

Tuliporudi mjini kukawa na misa ya shukrani, juu ya mawe ambayo bado yalichoma nyayo kupitia kandambili. Parokia nzima iliuimba wimbo ule. Kwenye kiitikio, pale sauti ya pili inapopanda huku nyingine zikishuka, watu walilia. Mama mmoja alinishika mikono, akaibusu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sikuwa na tabia ya kukataa heshima.

Baada ya misa nilimwona binti wa jirani amesimama na mwalimu wa kwaya kando ya mlango. Alizungumza kwa muda mrefu, akijigusa koo kwa kidole. Kisha mwalimu akaniita.

"Ni kweli, hivi anavyosema?"

"Hapana."

Sikuuliza alikuwa amesema nini. Ya nini kuuliza, wakati niliiona kaseti nzima usoni mwake? Mwalimu akatoa hukumu: wimbo ni kama mutoto, mama yake ni mumoja. Akamhamishia mwenzangu kwenye benchi ya nyuma ya kwaya kwa kosa la wivu. Alikaa huko Jumapili tatu, ya nne hakuja. Mwaka uliofuata baba yake alirudisha familia Butembo, bila basi. Tangu hapo tumekutana kwenye misiba na harusi, tukaulizana habari za watoto kwa adabu kubwa, kisha kila mmoja akaona kuna mtu mwingine anayepaswa kusalimiwa.

Nilisoma, nikafika chuo kikuu, nikawa mtu wa kuandika insha kuhusu ukweli. Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kumtafsiria mama mmoja Mjapani, mtaalamu wa milima ya moto. Jumapili akataka kuona misa. Wakati wa matoleo alipasuka kicheko, akajifunika uso kwa mkoba. Padre akauliza, nikamwambia mgeni ameguswa na Roho. Nje akaniambia wimbo huo anaujua tangu kwao, akanieleza kwamba wasichana waliouimba walisoma shule moja, walianza kwa kuimba mbele ya kituo cha treni, wakatoa nyimbo nyingi ambazo watu walizivumilia. Kisha wakamwalika yule mwimbaji wa kofia kwa wimbo mmoja tu, wa kutangaza tambi za kumwagiwa maji ya moto, na huo ndio nchi nzima ikaujua. Baadaye waliachana bila ugomvi. Mmoja ana saluni, mwingine anafundisha watoto kuimba. Nikamwambia kufanana huko ni bahati tu, maana noti za muziki ni saba dunia nzima. Alinitazama kwa huruma, akanitumia wimbo kwenye simu. Niliusikiliza mara moja, nimejifungia chooni, nikaona haya, nikauacha.

Bibi alishakufa, na mwalimu wa kwaya pia. Pale basi lilipozikwa pamejengwa duka la dawa, na muuzaji hajui amesimama juu ya nini. Waasi wengine wamekuja, na watoto wa sasa wanahesabu meno yao kwa hao. Kilichobaki cha ua ule ni wimbo, na wimbo wenyewe ulikuwa na jina langu. Karani alipopiga mara ya tatu, nikampigia mwenzangu simu Butembo.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikiri kaseti, Wajapani, tambi, kila kitu. Aliniacha nimalize.

"Dada, weye ulizania nilimwambia mwalimu juu ya Wajapani?"

Nikauliza alimwambia nini basi.

"Nilimwambia sauti ya pili ni yangu. Sikiliza tena, ukimaliza unipigie."

Nilisikiliza, safari hii barazani, mbele ya watu. Wale wasichana wanaimba mstari mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, wamebanana kama vidole, na mjomba yuko chini yao. Hakuna sauti ya pili. Ile inayopanda, iliyowaliza watu juu ya mawe ya moto, iliyofanya nibusiwe mikono, haimo. Aliitunga mtoto wa miaka kumi na miwili, mguu wake ukiwa kwenye mafuta, nami nilikuwa nimekaa nyuma yake kila Jumamosi.

Nikampigia tena. Nikamsomea nitakachompa karani: mahadhi ni ya Wajapani wawili na mwenzao, maneno ni ya bibi yangu, sauti ya pili ni yake yeye, kwa jina lake kamili. Nikamuuliza, na mimi niandike nilifanya nini?

Nilisikia soko nyuma yake, mtu anauliza bei ya vitunguu, naye anajibu bila haraka. Kisha akarudi kwangu.

"Weye acha mustari mutupu kwanza," akasema. "Nikikumbuka kitu ulifanya, nitakupigia."