Mwalimu wa kuchora alinifanya nifute bega la baba yangu

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na sitatia chumvi hata kidogo.

Nipo Lubumbashi, mtaa wa Hewa Bora. Mwaka jana nilijiunga na darasa la kuchora watu. Miezi mitatu ni anatomia tu: mtulinga, mbavu, fupa la bega, mpaka unaota mifupa.

Kazi ya mwisho: chora mtu halisi, kifua wazi. Zitakazopita zinatundikwa kwenye maonyesho ya darasa.

Niliitaka hiyo nafasi vibaya sana. Nyumbani kuchora wanaona ni uvivu.

Nikamwomba baba. Yeye anasukuma baiskeli ya mkaa kutoka Kasungami mpaka mjini, tangu sijazaliwa. (Huku tunaita kinga. Ikishapakiwa magunia haipandwi, inasukumwa.) Ni mtu wa msikitini, hata sisi wanawe hatujawahi kumwona bila shati.

Alikataa siku mbili. Ya tatu akafunga mlango, akavua, akakaa.

Bega la kulia limeshuka, la kushoto limepanda, mtulinga umekaa mshazari. Nilichora kama yalivyo. Sijawahi kuchora vizuri vile, nasema bila aibu.

Mwalimu akaitupia jicho, akafungua kitabu chake cha misuli.

"Mabega ya muntu haiko hivi. Anatomie iko moja tu. Corrige!"

"Lakini Maître, ni papa yangu. Iko hivi kabisa."

"Basi ulimuona mubaya. Nyoosha, ama haiingie mu exposition."

Jamani! Mtu hajawahi kumwona baba yangu, halafu ananifundisha bega la baba yangu!

Na mimi, badala ya kubishana, nikachukua kifutio. Nikanyoosha. Nikapata nafasi.

Siku ya maonyesho baba alikuja na kanzu yake ya Idi. Akazitazama picha moja moja. Yangu akaipita. Akarudi, akaipita tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Ile ya mie iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaisogelea.

"Ah. Iko muzuri," akasema. "Lakini huyu hajasukumaka kinga."

Niliishusha palepale, mwalimu akipiga kelele. Apige tu. Na ningekuwa na ubavu wa kumkatalia siku ile ya kwanza, nisingekuwa hapa nawaandikia.

Nilichojifunza: kitabu kinakuonyesha mfupa ulipo, lakini wa kumchora ni huyo aliyekaa mbele yako. Mwalimu simsamehe leo wala kesho. Ila aliyeshika kifutio ni mimi.

Mnaochora humu, mngefanyaje? Semeni, hata mkinitukana nitasoma.

Nimemwomba baba akae tena, nimchore upya. Ananiambia kesho. Ni mwezi wa pili sasa, shati hajavua.