Mstari wa Mwisho wa Ukurasa

Mke wa mhariri wa gazeti la mji wetu, hapa Kansas, alikuwa na kidole gumba cheusi kwa wino ambacho hakuna sabuni iliyokiweza. Ndicho kilichopanga herufi za chuma za kuchapia gazeti, moja moja, miaka ishirini, huku yeye akiguna wimbo wa kanisani na kusoma maneno kinyumenyume. Mumewe, Bwana Pruitt, kazi yake ilikuwa kufikiri, tena kwa sauti. Wiki ile alikuwa amefikiria historia ya ukoo wake, ichapwe gazetini: babu aliyepigana vita, shangazi aliyepeana mkono na rais, yeye mwenyewe, na watoto wake saba. Mke alipata mstari mmoja, wa mwisho, usio hata na jina lake. Aliupanga taratibu kuliko mingine yote.

“Baba Otis, ukurasa umezidi mstari mmoja.”

“Toa ambao hakuna atakayeuulizia,” akajibu mumewe, macho kwenye kahawa.

Wimbo ukakatika. Kidole cheusi kikampita babu, kikampita shangazi, kikatua mwishoni.

Gazeti lilipotoka, kinyozi ndiye aliyewahi kupiga hodi. “Hongera, mhariri! Watoto saba, mke hakuna. Uchungu ulikushika ukiwa wapi?” Mji mzima ukamcheka. Mhariri akakimbilia kwa mkewe, uso mwekundu kama nyanya.

“Mama Otis, tusahihishe! Mstari mmoja unatosha.”

Mkewe alikuwa ameshaanza kupanga, na wimbo umerudi.

“Hautoshi, mume wangu. Ndiyo kwanza nimefika siku ya harusi, na ukurasa wa mbele umeshajaa.”