Dawa ya Nini? Fundi wa Friji na Barafu Iliyozua Maneno

Fundi anaweka kipande cha barafu mdomoni, anafumba macho na kukisikilizia. Muuza juisi, mwenye mgahawa na friji yenyewe, amesimama pembeni, mikono kiunoni.

"Bado," anasema fundi.

Fundi huyu, mama wa watoto watatu ambaye mtaa mzima unamwita Mama Friji, alirithi kazi hii kwa mjomba wake. Wiki iliyopita aliambiwa barafu ya hapa inanuka dawa. Kichwani mwake ikawa dawa moja tu, ile inayotiwa kwenye maji ya bomba kuua vijidudu. Akabadilisha chujio la maji la friji, akaenda zake.

Harufu haikuondoka. Maneno ndiyo yaliyoondoka, tena mbio.

"Wateja wanasema nimewawekea dawa ya mvuto," muuza juisi anaeleza kwa sauti ya chini. "Wengine wameshahamia kwa jirani. Dada, jina langu linachafuka hivi hivi najiona."

Fundi hajitetei. "Niliambiwa dawa, sikuuliza dawa ya nini. Kuna ya meno, ya mende, ya viatu. Nilikurupuka."

Anatafuna kipande kingine. Kinapoza ulimi kupita kawaida ya barafu, kisha kinawasha kwa mbali. Maji ya bomba hayana tabia hiyo.

"Barafu hunyonya harufu ya chochote inachokaa nacho," anasema, mkono ukipekua jokofu. Nyuma ya mfuko wa mananasi anakuta kikopo kilichofungwa kwenye kitambaa, kifuniko kimelegea. Anakinusa, anacheka mpaka anakaa chini.

Ni dawa ya kuchua.

"Hiyo yangu," anasema mama mkwe wa muuza juisi, ameketi karibu na mlango. "Ikiwa ya baridi inanituliza magoti. Kwani kuna ubaya?"

Muuza juisi anacheka, halafu machozi yanamtoka. Fundi anamwaga barafu yote na kuosha trei kwa maji ya uvuguvugu. Mwakani anatarajia kufungua ofisi yake mtaa huu huu.

"Kila nyumba nitaanza kwa kumuuliza bibi," anasema. "Mwenye friji hajui yote yaliyomo."

Bibi wa hapa hangoji mwakani. Ananyanyuka kwa taabu, anachukua kikopo chake na kupita meza hadi meza, akikisogeza puani kwa kila mteja.

"Nusa," anawaambia. "Haya ni magoti yangu. Msimsingizie mwanangu."