Doa la Kidole Kwenye Picha ya Baba

Nasriya alikuwa mtu wa usafi, na usafi huo ndio uliomponza. Siku alipofungua sanduku lake Maskati, mwezi wa kumi mwaka wa sabini, kitu cha kwanza alichokishika kilikuwa picha ya baba yake, na cha kwanza alichokiona kwenye picha kilikuwa doa. Lilikuwa juu pembeni, jeusi, la mafuta, kadiri ya ncha ya dole gumba. Akachukua pamba, akaichovya maji ya uvuguvugu, akafuta taratibu huku kaubana ulimi kwa meno, mpaka likatoka lote. Chini yake palikuwa na dirisha la ghorofani, na dirishani kama mtu. Hakujali. Haja yake ilikuwa mlango.

Haja yenyewe ilikuwa hii. Nduguye Majid, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa Dubai, kalala kwa watu katika chumba cha wanaume tisa, na karatasi yake ya kukaa huko ilikuwa inamalizika Idi. Baada ya Idi hana pa kwenda. Unguja alitoka mbio mwaka wa sitini na nne na nguo aliyoivaa, na habari ya kurudi huko hata haitajwi. Nasriya mwenyewe aliingia Maskati kwa mgongo wa mumewe, Suud, ambaye watu wake wanajulikana na ambaye keshapata kazi ya kufasiri barua serikalini. Majid hakuwa na mgongo wa mtu. Karani wa ruhusa alimwambia Suud bila hata kuinua macho:

"Majina naletewa kila siku, na jina kila mtu analo. Nileteeni mtu wa hapa anayemjua baba yao, au anayeijua nyumba aliyotoka, aje aape mbele yangu. Shemeji yako ataingia."

Sasa baba yao, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa siri. Alitoka Maskati kijana wa miaka kumi na minane, kagombana na ami yake aliyemlea, na tangu siku hiyo jina la ami huyo halikupita mdomoni mwake. "Nyumba ya ami," basi. Ami gani? Kimya. Alichofika nacho Unguja ni picha hiyo moja, aliyopigwa na daktari wa meli ya Kizungu: kasimama kichochoroni, nyuma yake mlango wa nakshi, kizingiti cha jiwe kimemeguka pembe, na juu ya mapaa, kwenye jabali, mnara wa walinzi. Wageni wakija alikuwa akiitoa, lakini kuishika hampi mtu. Anaishika mwenyewe, dole gumba juu pembeni, na watoto wanamcheka: "Baba, unaichafua!" Naye haondoi dole lake.

Nasriya akaingia kazini. Unguja alikuwa mwalimu wa jiografia skuli ya wasichana, na mwalimu hatafuti nyumba kwa kubahatisha. Alinunua daftari. Akachora mnara wa kwenye jabali na pembe ya paa inayoukata, kisha kila alasiri, na Ramadhani hiyo, koo kavu, buibui limemganda mgongoni, akawa anapita vichochoro vya ndani ya ukuta, picha mkononi. Anarudi nyuma hatua tatu, anasogea mbili, mpaka mnara na mapaa vikae kama vilivyokaa pichani. Milango mingine ilikuwa imeliwa na mchwa, mingine imezibwa kwa mawe, na nyumba kadhaa zimebaki kuta tupu na mbuzi ndani. Zote akaziandika. Na kila mwanamme aliyemkuta, muuza tende, hamali, mzee anayetoka msikitini, alimsimamisha kwa Kiarabu chake cha kuungaunga na kumwekea picha mbele ya macho: "Ami, nyumba hii waijua?"

Ajabu ni jinsi walivyomjibu. Mmoja alitazama, akageuka ghafla kama aliyeitwa. Mwengine alimrudishia picha imefunikwa, uso chini, na kuondoka hata kwaheri hakusema. Wa tatu alimwambia, "Nenda kwako, mama, mfungo huu."

"Sisi tunanuka nini?" Nasriya alimuuliza Suud usiku ule. "Au ndiyo sisi Wazinjibari, hatutakiwi hata kujibiwa?"

"Watu hawa watatuzoea, mke wangu. Kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo Majid anayo?"

Siku ya kumi na saba ya mfungo, kwenye kichochoro cha nyuma ya msikiti, mnara ukakaa. Paa likakaa. Nasriya akatazama chini, na hapo miguuni pake palikuwa na kizingiti cha jiwe, pembe imemeguka. Alitamani apige kigelegele, na kwa mfungo wake akajizuia. Juu ya baraza ya nyumba ile alikaa mwanamme wa makamo, kilemba safi, tasbihi mkononi. Jina lake Marhoon, kama alivyokuja kuambiwa. Nasriya akampa picha.

Marhoon aliitazama. Damu ikampanda usoni mpaka masikioni. Akaigeuza picha, akailaza juu ya goti lake uso chini, akaufunika mgongo wake kwa kiganja.

"Nyumba hii siijui," alisema.

"Ami, si ndiyo hii uliyoikalia? Tazama kizingiti..."

"Siijui! Na usiionyeshe tena." Akamrudishia bila kumtazama, akaingia ndani na kukomea mlango. Nasriya alibaki nje peke yake, na machozi yakamtoka kwa hasira. Mtu kakaa juu ya baraza ya nyumba anaapa kwamba haijui! Hata uongo una mipaka yake, jamani.

Alirudi kesho yake, hakufunguliwa. Alirudi na Suud, Marhoon akamtolea Suud salamu ya heshima, akamwambia, "Ndugu yangu, mtie adabu mkeo," na mlango ukafungwa. Mfungo ishirini na mbili ikaja barua ya Majid, maneno mawili matatu: "Dada, mwenye chumba keshanambia nitafute pengine. Nisidanganye, naogopa." Tangu hapo Nasriya akawa si mtu wa kukaa. Aliunguza sambusa za futari siku mbili mfululizo. Alisahau rakaa. Usiku aliota anahesabu milango, na kila mlango ukifunguka, Majid yuko nyuma yake kasimama na sanduku.

Aliyemfumbua macho ni jirani yake, Hamdiya, mwanamke aliyeishi Unguja ujanani na kurudi zamani, ajuaye lugha zote mbili na mambo ya mji wote. Siku hiyo walikuwa wanachambua mchele, na Nasriya, kwa kuchoka tu, akampa picha aitazame. Hamdiya akaisogeza karibu na macho. Punje za mchele zikamponyoka.

"Nasriya! Hii ndiyo picha unayotembea nayo?"

"Ndiyo hii. Kwani?"

"Astaghfirullah. Huyu dirishani ni nani?"

"Sijui. Mtu."

"Mtu! Huyu ni mwanamke, kichwa wazi, nywele hizo mpaka kifuani. Na dirisha hilo ni la nyumba ya kina Marhoon, mtoto mdogo hapa analijua. Bibi wee, umemchukua mama wa watu, umemtembeza sokoni bila ya mtandio. Sasa Marhoon aende kwa karani aape kwamba ndiyo, nyumba ni yetu, na huyo ni mama yangu? Bora umchinje."

Kwao Unguja picha za wanawake zilitundikwa sebuleni, mtu kaenda studio kajipamba na kanga mpya, nani alijali? Ndipo lilipomjia doa. Lile dole la baba, miaka yote ile, pembeni pale pale, wageni wakija. Kumbe mzee hakuwa anachafua. Alikuwa anafunika. Na yeye, mwanawe, msomi, kachukua pamba kafuta.

"Nimefanya nini," alisema. "Hamdiya, nimefanya nini mimi."

Zilibaki siku tano. Asubuhi yake walikwenda wote wawili, kwa mlango wa nyuma, wa wanawake. Mama yake Marhoon, Bi Shaikha, alikuwa kakaa juu ya mkeka anasuka, barakoa usoni, na nywele zilizochungulia kwenye shela zilikuwa nyeupe. Nasriya alipiga magoti, akambusu mkono, na Hamdiya akawa anafasiri. Alisema yote. Alisema baba yake ni nani, alisema la Majid, na la pamba pia alilisema, ingawa angeweza kulificha.

Bi Shaikha aliiomba picha. Aliipeleka kwenye mwanga wa mlango, akaitazama.

"Ami wa baba yako ndiye baba yangu," alisema mwisho. "Baba yako alinitaka. Baba yangu akanipa kwa mwengine. Siku ile nilikuwa nachungulia nimtazame tu, sikujua kama lile sanduku la Mzungu linanichukua na mimi." Kisha akauliza, "Hilo doa. Lilikuwa wapi hasa?"

Nasriya akamwonyesha kwa kidole.

"Mpaka alipokufa?"

"Mpaka alipokufa, bibi. Hata sisi wanawe hatukukuona."

Bi Shaikha akaagiza mkasi. Nasriya akaona yamekwisha: ataikata yote, ataitia motoni, na haki yake, na Majid ndiyo basi. Bi Shaikha akakata kipande kidogo cha pembeni, dirisha peke yake, akakitia kifuani mwake. Iliyobaki akampa Nasriya.

"Mwiteni Marhoon," alisema. "Sasa anaweza kuitazama."

Marhoon aliapa mbele ya karani mfungo ishirini na tisa, na simu ikaenda Dubai siku ile ile. Majid aliingia Mosi ya Idi, amekonda, shati la watu, na Nasriya alimkumbatia mbele za watu akalia kwa sauti bila kujali nani anatazama.

Walipokwisha kula, Majid aliitaka picha. Akaishika kama alivyokuwa akiishika baba yao, bila ya kufikiri, dole gumba juu pembeni. Dole likapita upande wa pili.

"Ala! Nani kakata hapa?"

"Mwenyewe," alisema Nasriya.